Kwa Tuse, Winga wa Pili

Tuse mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Uyole kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi hatawaachia mpaka mle na mfungiwe na cha njiani. Kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Begi lako nimelisogeza mlangoni. Sitakuandikia habari za masweta, wala za kula vizuri, wala za kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla mimi sijafika mwisho wa sentensi. Nataka kukuandikia jambo moja nililoshindwa kulisema siku ile kocha alipopiga simu.

Tulikuwa uani tunachambua maharage. Uliweka simu kwa sauti kubwa ili nami nisikie. Yule kocha wa Iringa aliongea kwa adabu. Alisema amekuona kwenye mashindano, kasi yako ameipenda, na timu yake ina winga wa kulia anayesifiwa kila mahali. "Sasa natafuta wa pili," akasema. "Wa kushoto." Ukamjibu, "Asante mwalimu, nitakuja." Ulipokata simu uso wako ukakunjamana.

"Mama, umesikia? Wa pili."

"Nimesikia."

"Yaani nitoke Mbeya mpaka Iringa nikakae pembeni nimpigie mtu makofi?"

Kifua changu kilijaa maneno, na kwa kuwa yalikuwa mengi hayakupata pa kutokea. Nikakuambia tu, "Maliza maharage, giza linaingia." Uliniangalia kama mtu aliyeomba maji akapewa jiwe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta nafasi ya kurudi kwenye neno lile, na kila nikilianza anakuja mteja, au jirani, au baba yako na pasi yake ya umeme anayotaka kukuunguzia jezi zote. Basi leo naandika.

Unajua niliwahi kucheza mpira. Nilikuambia mara moja ukiwa darasa la sita. Ukaniangalia kiuno, ukacheka, ukasema, "Mama, wewe?" Nami nikacheka, yakaisha. Hukuniuliza nilicheza namba ngapi.

Nilicheza kumi na moja. Nilikuwa winga wa kushoto, wa pili.

Nilizaliwa Idodi kama unavyojua, kwenye vumbi la barabara ya mbugani. Kule nilicheza na kaka zangu, kwa mpira wa nailoni na kamba, kwenye uwazi ulio nyuma ya zahanati. Gari la watalii likipita tulisimama, vumbi likitulia tunaendelea. Sikuwa na mpinzani. Niliwapita kaka zangu, niliwapita rafiki zao, mpaka bibi yako mzaa mama akawa anasema nitakosa mwanaume wa kunikamata. Kwa hiyo nilipomaliza shule na kupelekwa Kihesa, pale Iringa mjini, kwa mama mdogo kujifunza cherehani, nilikwenda nikijua kwamba duniani hakuna msichana anayekimbia kama mimi. Hivyo ndivyo anavyojua kila mtu aliyetoka mahali penye barabara moja.

Kihesa kulikuwa na timu ya wasichana ikiitwa Tetemeko. Uwanja wao ulikuwa umeinama, upande mmoja una mawe yaliyochomoza, na siku za mechi mistari ilichorwa kwa majivu ya jikoni. Upepo wa jioni ukianza kushuka kutoka milimani majivu yalipeperuka, na katikati ya mchezo hakuna aliyejua kwa hakika mpira umetoka au haujatoka. Wanaume waliotoka kunywa pombe ya ulanzi walisimama kandokando wakihukumu kwa niaba ya mwamuzi. Nikifumba macho sasa hivi nausikia ubishi wao, Tuse, na nasikia baridi ile ikinipanda miguuni. Sikujua kwamba nilikuwa na furaha. Mtu akiwa ndani ya furaha anaona ni jioni tu kama jioni nyingine.

Kocha wetu aliitwa mwalimu Luvanda, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu asiyependa kelele. Na winga wa kulia aliitwa Modesta.

Ngoja nikuambie habari za Modesta. Alikuwa mwembamba, miguu yake imepinda kidogo kwa nje, na akitembea barabarani usingemdhania kitu. Ukimpa mpira alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anausimamisha kabisa, anamtazama beki usoni kama anayemsalimia, halafu anaondoka. Watu wa Kihesa hawakusema "tunakwenda kuangalia Tetemeko." Walisema "tunakwenda kumwangalia Modesta."

Siku niliyofika mazoezini, Tetemeko ilikuwa imekaa mechi kadhaa bila kufunga goli. Sababu yake niliiona siku ya mechi, nikiwa nimekaa kwenye nyasi na sweta la mama mdogo. Timu pinzani zilikuwa zimeshamjua Modesta. Akipokea mpira wanamwendea wawili, na wa tatu anasimama nyuma yao kusubiri masalia. Wenzake hawakujua kucheza namna nyingine. Mpira wote ulikwenda kulia, kulia, kulia, na kule kulia kulikuwa na watu kama mnadani. Straika wetu, Regina, alisimama peke yake mbele ya goli mikono kiunoni, akisubiri krosi isiyofika. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Mbuzi angeweza kulala pale mpaka kipenga cha mwisho.

Mwalimu Luvanda alinikimbiza mara mbili kutoka goli mpaka goli, akaridhika. Kesho yake akanipa jezi.

"Wewe utakaa kule kushoto. Karibu na mstari kabisa, uchafuke majivu."

"Nikae nifanye nini, mwalimu?"

"Ukae wakuogope."

Sikumwelewa. Nilikwenda kukaa.

Mechi yangu ya kwanza sikuugusa mpira isipokuwa ule wa kurusha. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, nikainua mkono mpaka bega likauma, na wenzangu waliendelea kuupeleka kulia kama ng'ombe wanaorudi zizini. Beki aliyetakiwa kunikaba alinichungulia kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili akaona hanihitaji, akaondoka kwenda kuwasaidia wenzake kumkaba Modesta. Tulifungwa. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama mdogo kwamba mpira basi, na ikiwezekana na cherehani basi, nataka kurudi Idodi. Nilisema maneno kama yako, Tuse. Nilisema sikuletwa mjini kuwa mti wa uzio.

Mama mdogo hakubishana. Alinipa sahani ya ugali akaniambia nile kwanza, basi la Idodi halikimbii.

Siku ya pili yake Modesta akaja. Sikumtegemea. Alibisha hodi, akamsalimia mama mdogo kwa heshima zote za Kihehe, akakaa kwenye mkeka karibu yangu nilipokuwa nashona mapindo. Hakusema habari za timu. Alivuta soksi zake chini.

"Hebu tazama, Skola."

Miguu yake ilikuwa imeiva kama zambarau, kutoka kwenye goti mpaka kwenye kifundo. Alama nyingine mbichi, nyingine za zamani.

"Pole," nikasema.

"Wananipiga watatu. Mmoja namuweza, hata nikiwa nimefunga macho. Wawili ni bahati. Watatu siwezi, na hakuna anayeweza. Jana nilikuwa nakuangalia kule kushoto. Dakika zile za mwanzo, yule beki alipokuwa anakuogopa, nilibaki na wawili. Uliona nilivyomtengea Regina?"

"Niliona. Akapaisha."

"Akapaisha kwa sababu hajazoea kupewa." Akacheka, na mimi nikacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ukiondoka narudi kwa watatu. Lakini hata ukibaki halafu tusikupe mpira, ni yale yale. Wakishajua hupewi, wanakuacha. Hapo tumekosea sisi, siyo wewe. Mtu haogopwi kwa kusimama, Skola. Lazima uwe unauma kweli."

"Basi nipeni mpira."

"Njoo tukafanye mazoezi."

Hayo ndiyo mazungumzo yaliyonibakiza Kihesa. Nimeyawaza mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia kanisani, Mungu anisamehe. Yule alikuwa nyota, alikuwa na kila sababu ya kutonitaka. Lakini alikuja mwenyewe akakaa kwenye mkeka akaniambia kwamba bila mimi haendi popote.

Tulianza kukutana kabla ya mazoezi ya wengine, mimi na yeye na Regina. Zoezi lilikuwa moja. Modesta anauvuta mpira kulia mpaka mabeki wa kufikirika wamjae, anarudisha nyuma kwa Regina, Regina anageuka na kuupiga mrefu kushoto, nami naufuata naupiga krosi. Mwanzoni krosi zangu zilikuwa balaa. Nyuma ya goli aliishi mama mmoja aliyekuwa anaanika ulezi kwenye turubai. Siku ya kwanza mpira ulitua katikati ya ulezi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Nyie wasichana! Huyu wa kushoto hana macho?"

"Ana macho, mama," Modesta akamjibu. "Mguu ndio hauna."

Mpaka leo nikiona ulezi umeanikwa nacheka peke yangu. Pale sokoni Mwanjelwa wanadhani nina wazimu.

Mguu ulipata macho taratibu. Tulipokwenda kucheza Mafinga, mwalimu Luvanda aliwaambia wenzetu neno moja kabla ya kuingia: "Mpira wa kwanza uende kushoto. Wa pili nao uende kushoto. Wa tatu mtajua wenyewe." Mpira wa kwanza nilimpita beki nikapiga krosi mbovu. Wa pili nikampita tena, kipa akaupangua ukawa kona. Nikaona beki wangu anaita mwenzake aje amsaidie. Tuse, natamani ungeuona uwanja dakika ile. Ulifunguka kama mlango. Kule kulia Modesta alibaki na mtu mmoja. Katikati, beki wao wa kati alikuwa anageuza shingo huku na huku, hajui amfuate nani, na Regina akapata pa kusimama. Alifunga mawili siku hiyo. Msichana ambaye alikuwa anatukanwa na walevi msimu mzima! Goli la pili alilifunga akakaa chini akalia, tukadhani ameumia.

Hapo ndipo nilipoelewa "ukae wakuogope." Timu yenye winga mmoja inacheza nusu uwanja, hata kama winga huyo ni malaika. Wapinzani wanajikusanya upande wake, kiungo wako akiinua macho anaona migongo tu, na straika wako anazeeka akiwa amesimama. Weka mwingine wa kweli upande wa pili, siyo wa kujaza namba, na watu hao hao mliokuwa mnawaona wabovu wanaanza kucheza. Sikuongeza magoli yangu tu. Niliongeza ya Modesta, nikaongeza ya Regina, na hata beki wetu wa kushoto aliyekuwa mzito alianza kupanda kwa sababu mbele yake kulikuwa na njia.

Tulifika fainali ya mashindano ya mikoa yetu, na ilichezwa hapa Mbeya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona Mbeya. Tulifikia nyumba ya wageni karibu na soko la Mwanjelwa. Kulikuwa na ukungu, mvua ndogo isiyokata, na wanawake wenye ndizi kichwani wanatembea kwenye tope kama wanatembea sebuleni. Nilijiambia watu hawa nitawezaje kuishi nao! Unaona Mungu anavyocheka.

Fainali ilikuwa ngumu. Beki aliyenikaba alikuwa Mnyakyusa mfupi, mpana, hachoki. Nikienda kushoto yuko, nikirudi ndani yuko. Mpaka dakika ya mwisho kabisa ilikuwa bila bila. Halafu Modesta akapokea mpira kulia, mbali kabisa na mimi, nami nikaanza kukimbia. Sikuwa na hakika ya kupewa. Nilikimbia kwa nguvu zote kuelekea goli, nikipiga kelele, na yule beki wangu akanifuata, na beki wa kati naye akavutika hatua kadhaa kuja kwangu. Modesta aliona pengo waliloliacha. Akaingia ndani kupitia hapo hapo, akapiga chini kwenye kona ya goli.

Watazamaji wote waliingia uwanjani. Modesta alibebwa juu juu. Watu wa Iringa waliokuja na malori walimzungusha wakiimba jina lake, wenzangu wote wakiwa kwenye lile kundi. Mimi nilikuwa nimedondoka karibu na nguzo ya goli kwa sababu tope lilinitelezesha. Nilikaa pale pale nikaanza kuondoa tope kwenye viatu kwa kijiti. Nilifurahi, lakini kulikuwa na kitu kinanichoma. Nilijua nilichokifanya, na sikuona mtu mwingine anayekijua.

Yule beki akaja akakaa karibu yangu. Alikuwa amelia, macho mekundu. Nilidhani anataka ugomvi.

"Dada," akasema, "umenichosha leo."

"Na wewe umenichosha."

"Kesho watanisema. Watasema nilikuwa wapi goli linafungwa." Akafuta pua kwa mkono wa jezi. "Nilikuwa na wewe. Nisingekufuata ungefunga wewe."

Akanyoosha mkono, akaniinua. Basi, ni hayo tu. Sikumjua jina wala sijamwona tena, ingawa miaka yote hii naishi mjini kwao na mara nyingine pale sokoni naangalia wanawake wafupi wapana nikijiuliza. Lakini nilirudi Iringa nikiwa nimeshiba. Kuna watu wawili uwanjani wasioweza kudanganywa kuhusu thamani yako: mwenzako unayempunguzia mzigo, na adui aliyepewa kazi ya kukuzuia.

Sasa nikuambie sehemu ambayo ukiisikia labda utaacha kukunja uso.

Modesta aliondoka mwaka uliofuata, akaenda kusomea uuguzi. Mwalimu Luvanda akanihamishia kulia, akanipa jezi namba saba. Nakuambia kweli, nililala na ile jezi. Nilikuwa wa kwanza sasa. Watu wa Kihesa watakuja kumwangalia Skola.

Walikuja. Waliniona nikipigwa. Mechi ya kwanza walinikaba wawili, ya pili watatu. Nilivuta soksi zangu chini nyumbani nikaiona ile rangi ya zambarau, imehamia kwangu. Kushoto alikuwa amewekwa msichana aitwaye Esta, mdogo, mwoga, mwenye mbio nzuri. Kila akipoteza mpira nilimfokea. Baadaye nikaacha hata kumpa. Nilisema mwenyewe nitaweza, mimi si ndiye Skola? Tukafungwa, tukatoka sare, tukafungwa tena. Regina akarudi kusimama mikono kiunoni.

Siku moja baada ya mechi nilimkuta Esta nyuma ya nyumba ya vifaa akivua viatu vyake kwa hasira.

"Unakwenda wapi?"

"Naacha. Dada Skola, hunipi mpira. Ukinipa, unanipigia kelele kabla haujanifikia. Sasa mimi nikae kule nifanye nini?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe, nimelisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Nikakaa chini, nikavuta soksi.

"Tazama," nikamwambia.

Sikuwa na hekima ya kwangu, nilikopa ya Modesta. Lakini nilijifunza jambo ambalo Modesta hakuniambia, labda kwa sababu kwake lilikuwa rahisi: kumpa mwenzako mpira ukijua anaweza kuupoteza kunauma. Mechi iliyofuata nilimpa Esta, akapoteza. Watu wakazomea. Nikampa tena, akapoteza tena, na mlevi mmoja akaniuliza kwa sauti kama nimelipwa na wapinzani. Ulimi wangu ulikuwa unawasha. Nikampa tena. Aliondoka na ule mpira, Tuse, aliondoka nao mpaka kwenye kibendera cha kona, akapiga krosi ambayo mimi sijawahi kuipiga maishani mwangu, na Regina akamalizia kwa kichwa.

Hatukuchukua kombe mwaka ule. Tulikuwa tumeshachelewa, pointi zilikuwa zimekwenda. Lakini mechi zile za mwisho ndizo ninazoziota. Siyo fainali. Naota jioni zile za Kihesa, mimi kulia na Esta kushoto, majivu yanapeperuka, mwalimu Luvanda amekunja mikono akijifanya hatabasamu. Mwaka uliofuata nilikutana na baba yako aliyekuja Iringa na lori la viazi, na mengine unayajua kwa sababu wewe ni sehemu yake. Mpira ukaisha bila hata kuaga. Siku ya mwisho niliyovua viatu sikujua kuwa ni ya mwisho.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nikishakisema nakuachia. Nimekuangalia ukicheza hapa Mbeya miaka yote hii. Hapa wewe ndiye wa kwanza, na mpira wote unakuja kwako. Nimekufulia soksi, kwa hiyo nimeona miguu yako. Umekuwa ukibeba timu, ukadhani uzito ule ndio heshima. Kule Iringa kuna msichana mwingine mwenye miguu kama yako. Simjui. Inawezekana ana maringo, inawezekana ni mtu mwema kama Modesta. Usisubiri aje kukaa kwenye mkeka wako. Mfuate wewe, umwambie unataka kujua anapenda mpira umfikie vipi. Na usikubali kuwa pambo kule kushoto. Dai mpira wako, upige vizuri, mfanye beki wako aite msaada. Akishaita, tazama uwanja utakavyofunguka, halafu uniambie kama utajiona wa pili.

Kuna siku utakimbia mbio ndefu kuliko zote na mpira utakwenda kwingine, goli litafungwa, jina litakaloimbwa halitakuwa lako. Siku hiyo itakuchoma. Mimi ilinichoma. Acha ichome, haiui.

Siku yoyote unaweza kuambiwa uhame ukae kulia, uwe wewe ndiye wa kuimbwa. Siku hiyo mtafute aliyeachwa kushoto kabla hajavua viatu.

Nasikia bodaboda nje, sijui kama ni ninyi. Siyo. Imepita. Lakini jua limeshaelekea upande wa Mbalizi na nimeshaona kwamba nikiendelea nitaanza kusema habari za masweta.

Baba yako ameniahidi kwamba mechi yenu ya kwanza ya nyumbani nitakwenda Iringa, biashara ya Mwanjelwa atakaa yeye. Nimemwambia bei zote, atazisahau, sijali. Nitapanda basi la alfajiri. Ukiingia uwanjani usinitafute katikati wanakokaa watu wa maana, wala usinitafute kulia wanakojaa wa kumwangalia mwenzako. Nitakuwa kushoto, karibu na mstari kama wataniruhusu. Na mapumziko yakiisha mkabadilishana magoli, nitabeba khanga yangu na chupa yangu ya chai, nitazunguka uwanja mzima kwa miguu, nihamie upande utakaokuwa wewe.

Mama yako,
Skola